Mwalimu kachoka, na wewe je?

Asubuhi za baridi, giza bado halijaisha, kituo cha basi namba 50 pale Moseley Road, Balsall Heath, kimeshapata watu. Yupo anayewahi mjengoni, yupo anayekwenda kusafisha ofisi, yupo anayekwenda kulea mtoto wa watu. Na yumo mwalimu, mkoba umejaa madaftari aliyosahihisha jana usiku.

Ukimtazama unasema huyu kazi yake laini, hashiki chepe wala hapigi deki. Lakini uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwalimu wa kutwa hapa England anafanya kazi zaidi ya saa 50 kwa wiki. Kengele ikilia watoto wanaondoka, yeye anakwenda kuanza shifti ya pili mezani kwake.

Sisi shifti ya pili tunaijua. Tunaitafuta wenyewe, maana ada na kodi ya nyumba kule kwetu hazisubiri.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili 3 za mtu aliyemalizwa na kazi: nguvu zimekwisha, kazi anaichukia, na anaona hafanyi tena chochote cha maana. Tabia mbaya huingia kimyakimya. Unalala saa 4, unakula chipsi njiani, unajishikiza kwa chai ya sukari nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40.

Sasa piga hesabu yako. Shifti ya ziada inaleta pauni wiki hii. Ukianguka, wiki hiyo hutumi kitu, na inayofuata pia.

Fanya haya:

Jisajili kwa daktari wa mtaa. Ni bure, na huhitaji kuonyesha viza. Ukiwa na miaka 40 hadi 74 na huna ugonjwa wa kudumu, uliza kipimo cha bure cha afya, presha ikiwemo.

Soma ulichosaini. Kikomo ni wastani wa saa 48 kwa wiki. Kama ulisaini kukubali zaidi, unaweza kufuta kwa kumpa bosi taarifa ya siku 7, au hadi miezi 3 kulingana na karatasi yako. Mfanyakazi wa nyumba ya mtu hana kikomo hicho, lakini mapumziko na likizo ni haki yake.

Chukua likizo. Ukifanya kazi siku 5 kwa wiki, unastahili siku 28 kwa mwaka, kwa malipo.

Pika Jumapili chakula cha siku 3, kisha katembee Cannon Hill Park. Hakuna kiingilio.

Kabla hujatuma, weka kidogo pembeni kwa siku utakayougua. Na waambie nyumbani ukweli: mwezi huu nimepunguza shifti ili niendelee kutuma mwaka ujao. Wataelewa, hata kama watanung'unika kwanza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Akiba ya kwanza ni huo mwili unaopanda nao basi asubuhi.