Kula Matunda Tu Asubuhi: Mwili Wafanya Nini?

Huenda wasomaji wetu wamekwisha sikia habari ya watu ambao wakiamka hawagusi mkate, wala uji, wala kiporo cha jana. Wakata papai, au wala ndizi mbivu mbili, wanywa maji, basi. Wangoja mpaka saa sita za mchana. Wengine kati yao wasema mwili umekuwa mwepesi na usingizi wa kazini umewatoka. Wengine walijaribu siku tatu, wakapata kizunguzungu na hasira, wakarudia chai na mandazi yao. Nani asema kweli? Sisi twaona kwamba wote wasema kweli. Mwili haufanyi kazi ile ile siku ya kwanza na siku ya thelathini. Tena mwili wa bwana mnene akaaye ofisini si sawa na mwili wa mtoto aendaye shuleni kwa miguu.

Desturi hii ina wazazi wake. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Zurich katika nchi ya Uswisi, daktari Maximilian Bircher-Benner aliwalisha wagonjwa wake matunda mabichi. Lakini angalieni: hata yeye hakuwapa matunda matupu, bali tofaa lililokunwa, likachanganywa na shayiri, njugu na maziwa. Waliofika mbali zaidi ni mume na mke Wamarekani, Harvey na Marilyn Diamond. Mwaka 1985 walitoa kitabu kilichonunuliwa na watu mamilioni, wakafundisha kwamba tangu alfajiri mpaka adhuhuri mtu asile kitu ila matunda. Kisha mwaka 2008 ikawa zamu ya Japani. Bwana mmoja wa Osaka, Hitoshi Watanabe, alikuwa amepungua unene kwa kula ndizi asubuhi kwa shauri la mkewe, ambaye ni mtaalamu wa dawa. Habari ikaandikwa kitabuni, ikatangazwa katika televisheni, na ndizi zikaisha madukani hata wenye kuziagiza kutoka Ufilipino wakashindwa kuwatosheleza watu. Sisi tulio na migomba nyuma ya nyumba twaweza kucheka kidogo.

Kitabu kile cha Wamarekani kilisema tunda likikutana na chakula kingine tumboni huoza. Jambo hilo si kweli. Tumbo lina asidi kali isiyoruhusu kitu kuoza upesi hivyo, na kongosho latoa maji ya kuyeyusha wanga, protini na mafuta kwa wakati mmoja. Mwaka 2000 waganga wa Geneva walitoa habari ya majaribio waliyoyafanya kwa wagonjwa wanene 54 muda wa wiki sita. Wengine walipewa vyakula vilivyotengwa, kila aina peke yake, na wengine walipewa vyakula vilivyochanganywa, nguvu ya chakula ikiwa sawa. Walipungua sawasawa. Kwa hiyo mtu asiogope kula papai baada ya maharagwe.

Sasa tuutazame mwili wenyewe. Tuseme umekula ugali na ndagala saa moja ya usiku, ukalala. Ubongo haulali nawe. Kila saa wahitaji gramu 5 hivi za sukari, na sukari hiyo hutoka katika ini. Ini la mtu mzima ni kama ghala ndogo: laweka akiba ya gramu 100 hivi, tena linavyotoa akiba hutengeneza pia sukari mpya kwa vitu vingine vya mwilini, na misuli hugeukia mafuta. Kulipopambazuka, ghala imepungua sana, lakini mtu mwenye afya hajambo, maana kazi hiyo ya usiku yaweza kuendelea saa nyingi bado.

Ndipo zinapoingia zile ndizi mbili. Kila ndizi ya kadiri ina sukari gramu 14 hivi. Sehemu moja ya sukari hiyo huingia katika damu, kongosho likatoa insulini ili iingie katika nyama za mwili. Sehemu nyingine, ile iitwayo fruktosi, hupitia kwanza katika ini na kusaidia kuijaza ghala. Nyuzinyuzi za tunda huzuia mambo yasiende mbio. Lakini ukilikamua tunda na kunywa maji yake tu, kizuizi hicho umekitupa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2015, lilihesabu sukari ya maji ya matunda pamoja na sukari ya kupunguzwa, lakini sukari iliyo ndani ya tunda zima haikuhesabiwa hivyo.

Tunda halikai sana tumboni, kwa kuwa lina maji mengi na halina protini wala mafuta ya kutosha. Kwa hiyo, siku za kwanza, saa nne ikifika njaa yabisha hodi kwa nguvu. Wengi hudhani mwili wawaambia kwamba unakufa. Sivyo. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua kitu ambacho tumbo hukitoa katika damu ili kumwita mtu chakulani, wakakiita ghrelini. Kitu hiki kina tabia kama ya kengele ya shule: hupanda saa ile ambayo mtu amezoea kula, hata kama mwili bado una akiba. Aliyezoea mkate saa mbili huitwa saa mbili. Akibadili saa zake na kushika desturi mpya bila kutangatanga, kengele nayo hubadili saa. Hapo ndipo lilipo jambo kubwa la kuzoea. Anayekula matunda leo, kesho maandazi, keshokutwa asile kitu, huyo hazoei kamwe, na kila asubuhi ni vita.

Na maumivu ya kichwa? Mara nyingi ni kahawa. Mtu akiacha mkate aweza kuacha na kahawa yake au chai nzito siku ile ile, na mwili uliozoea kahawa hulalamika kuanzia saa 12 hadi 24 baadaye, kisha huendelea siku kadhaa, pengine hata wiki moja. Halafu ndizi zasingiziwa.

Utumbo nao una habari yake. Ndani ya utumbo mpana wamo vijidudu wengi sana wasiotudhuru, nao hula nyuzinyuzi tusizoweza kuziyeyusha sisi wenyewe. Mtu ambaye alikuwa akila mkate mweupe tu, akawaletea ghafula papai zima na maembe matatu, vijidudu hufanya karamu: tumbo languruma, lajaa hewa, pengine mtu aharisha. Baada ya wiki chache jamii ya vijidudu hao hubadilika kwa chakula kipya, na makelele hupungua. Afadhali kuanza na kipande kimoja na kuongeza polepole, na kunywa maji. Wenye choo kigumu ndio waonao faida mapema kuliko wote.

Wengi hupungua uzito, ni kweli. Lakini sababu yake si siri yoyote iliyofichwa katika tunda. Ndizi mbili zina kalori 200 na kidogo. Mkate wenye siagi nzito, mandazi manne na chai ya vijiko vitano vya sukari huzidi hesabu hiyo mara nyingi. Mtu atakayelipiza kisasi saa sita mbele ya sahani ya ugali mrefu kama mlima hatapungua hata kidogo.

Mpaka hapa tumesema habari za mtu mzima, mwenye afya, na mwenye chakula cha kutosha mchana na jioni. Twaomba wazazi wasome kwa makini yafuatayo, kwa maana hapo desturi ya mtu mnene yaweza kuwa hatari kwa mtoto mwembamba.

Mtu mzima wa kilo 60 ahitaji protini gramu 48 hivi kwa siku. Ndizi ina gramu 1 na kidogo, embe vivyo hivyo. Linganisheni: yai moja lina gramu 6, konzi moja ya karanga gramu 7 hivi, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Avoka ndilo tunda pekee la bustani zetu lenye mafuta mengi, kama gramu 15 katika kila gramu 100. Kwa hiyo lashibisha kuliko mengine, lakini protini yake nayo ni gramu 2 tu. Mwenye kula nyama au samaki jioni aweza kukosa protini asubuhi bila madhara. Mtoto akuaye, mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye hawana nafasi ya kupoteza mlo mmoja hivi. Daktari Cicely Williams aliandika mwaka 1933 habari za watoto wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi karibu peke yake. Miguu ikavimba, ngozi ikachubuka. Ugonjwa huo, kwashiorkor, sisi wa Kivu twaujua bila kufundishwa, na wataalamu wa Lwiro waliuchunguza miaka mingi.

Tena ghala ya ini la mtoto ni ndogo, na ubongo wake ni mkubwa ukilinganishwa na mwili. Mtoto aliyelala bila kula huamka ghala ikiwa karibu tupu. Jambo hilo lilionekana kwa uchungu huko Muzaffarpur, katika jimbo la Bihar nchini India, nchi yenye mashamba mengi ya tunda liitwalo lichi. Miaka mingi, kila msimu wa lichi ulipofika, watoto waliolala wazima walishikwa na degedege alfajiri, na wengi wakafa. Watu walifikiri ni homa ya ubongo, au dawa za kuua wadudu. Mwaka 2014, tangu mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai, watoto 390 waliletwa katika hospitali mbili, 122 wakafa. Wachunguzi waliuliza nyumba kwa nyumba, wakapima damu na matunda, na mwaka 2017 walitangaza waliyoyaona. Lichi ina vitu viwili vinavyouzuia mwili usitengeneze sukari mpya wala usitumie mafuta vizuri. Kwa mtoto aliyeshiba jioni, mara nyingi havileti shida. Lakini wale waliokula lichi mchana kutwa, wakarudi nyumbani bila kutaka ugali wala wali, wakalala, hao ndio walioingia katika hatari kubwa. Ghala ilipokwisha, hapakuwa na mlango wa pili. Shauri lililotolewa lilikuwa jepesi: kila mtoto ale chakula cha jioni, lichi zipunguzwe, na anayeletwa hospitalini apimwe sukari ya damu na kupewa sukari mara moja.

Hatusemi kwamba embe zetu zina sumu hiyo. Hazina, wala ndizi, wala papai, wala nanasi. Lakini katika Katanga embe huiva mvua zinapoanza, miezi ile ile ambayo mahindi ya ghalani yapungua nayo mapya hayajakomaa. Katika nyumba nyingine mtoto hula embe asubuhi kwa sababu hakuna kingine, si kwa sababu ya kitabu cha Marekani, na jioni husema ameshiba embe. Mwalimu amwona saa nne akisinzia, amwita mvivu. Twawaomba walimu wamwulize kwanza alikula nini jana jioni.

Kwa nyumba yenye uwezo mdogo, twaona tunda lina kazi bora zaidi likiwekwa kando ya chakula kingine kuliko likiachwa peke yake. Maharagwe na sombe vina madini ya chuma yaongezayo damu, lakini utumbo huyapokea kwa shida. Vitamini C huufungua mlango huo, sharti iliwe katika mlo ule ule. Pera, ambalo watoto huliokota njiani bila kulipa, lina vitamini C zaidi ya miligramu 200 katika gramu 100, kama mara nne ya chungwa. Kinyume chake, chai nzito inywewayo pamoja na maharagwe huufunga mlango. Yafaa ingoje saa moja au mbili. Rangi ya manjano ya papai na embe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho, hupokelewa vema pakiwapo mafuta kidogo: konzi ya karanga yatosha. Uji wenye unga wa karanga, na pembeni kipande cha papai au mapera mawili, ndicho chakula cha asubuhi tungechagua kwa mwanafunzi.

Mwenye ugonjwa wa sukari atumiaye dawa asibadili mlo wake wa asubuhi kabla ya kumwona mganga, kwa sababu dawa na chakula vimepimwa pamoja. Na mwenye figo mbovu afanye vivyo hivyo, kwa ajili ya potasi iliyomo katika ndizi.

Anayekula machungwa au nanasi kila asubuhi asukutue kwa maji baadaye, wala asipige mswaki papo hapo, maana asidi hulainisha jino. Angoje nusu saa. Na embe zilizookotwa chini zioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, hasa kandokando ya maziwa yetu, ambako kipindupindu bado hurudi mara kwa mara.