Matumizi Mapya ya Vipuri vya Mashine ya Leza katika Kuchonga Vyombo vya Mcheduara

Makala haya yanaeleza namna vipuri vya mashine bapa ya kuchonga kwa leza vinavyoweza kuundiwa mashine maalumu ya kuchonga vikombe na chupa. Mota iliyokuwa ikivuta mkanda wa mhimili mmoja hufungwa moja kwa moja kwenye kibanio kinachozungusha chombo.

Mabadiliko hayo huibua tatizo la vipimo. Kwa kawaida mota hiyo hupiga hatua 200 kwa mzunguko, na kila hatua ikigawanywa mara 16, hupatikana hatua ndogo 3,200. Katika mashine bapa, kapi la meno 20 lenye mkanda wa meno yaliyoachana milimita 2 husogeza milimita 40, yaani hatua ndogo 80 kwa milimita. Kikombe chenye kipenyo cha milimita 80 kina mzingo wa milimita 251.3, hivyo kila milimita huhitaji hatua ndogo 12.73 tu. Thamani ya awali isiporekebishwa, mchoro hurefuka zaidi ya mara sita na kikombe huharibika. Kipenyo kikibadilika, hesabu hurudiwa.

Aidha, chuma king'aacho cha mviringo hutawanya miale ya leza. Kwa hiyo, mashine sharti ifunikwe, na mwendeshaji avae miwani inayozuia mawimbi ya leza husika.