Mchezaji Apimwe kwa Wastani au kwa Hali Yake ya Leo?

Jua la Ufipa likianza kushuka na upepo wa baridi kuvuma, vijana wa shule hukusanyika kiwanjani kucheza mpira wa kikapu. Siku ya kuchagua timu ndiyo siku ya maneno mengi. Mmoja husema: "Mchukueni huyu, tangu mwaka jana hajatuangusha." Mwingine hujibu: "Ya mwaka jana yamepita. Yule pale leo amefunga mara tano mfululizo, acheze yeye." Mwalimu hukaa katikati akikuna kichwa. Wala si jambo dogo. Kijana aliyeachwa nje bila haki huvunjika moyo, na huenda asirudi kiwanjani tena.

Basi, msomaji mpenzi, tuyatazame maneno hayo mawili polepole.

Wastani ni nini? Ni kujumlisha pointi zote za mchezaji, kisha kuzigawa kwa idadi ya michezo. Ni hesabu nzuri, lakini huficha mambo. Tuseme kuna vijana watatu, na kila mmoja amecheza mara 10. Wa kwanza alipata pointi 8 kila mchezo. Wa pili alipata 4 katika michezo mitano ya kwanza, na 12 katika mitano ya mwisho. Wa tatu alianza na 12, akaishia na 4. Jumlisheni wenyewe: kila mmoja ana pointi 80, na wastani wa kila mmoja ni 8. Lakini wa kwanza ametulia, wa pili anapanda, na wa tatu anashuka. Mwenye kutazama wastani peke yake atasema wote ni sawa!

Tena, wastani wa mahali pamoja si lazima ufuate mtu mahali pengine. Tunaye mfano wa Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka kama 15, na kimo chake ni sentimita 221. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, msimu wa 2008-09, alipata kwa wastani pointi 13.6 na kuzuia mipira 4.2 kila mchezo. Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya vijana wote walioingia ligi ya NBA mwaka huo, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza humo. Stephen Curry, ambaye baadaye alitwaa ubingwa mara nne, alichaguliwa wa saba.

Katika NBA Thabeet alicheza michezo 224, na wastani wake ukawa pointi 2.2. Watu wengi wakamcheka. Lakini wangapi waliuliza alikaa uwanjani muda gani? Ilikuwa kama dakika 10 tu kwa mchezo. Aliyelima saa moja halinganishwi na aliyelima kutwa. Tena wapinzani wake sasa walikuwa watu wazima walio bora kuliko wote duniani. Hesabu hazikusema uongo, ila watu hawakuziuliza maswali yote.

Je, tutupe wastani na kutazama siku ya leo tu? Hapana. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky, walichunguza wachezaji wa timu ya Philadelphia 76ers. Watu waliamini kwamba aliyefunga mara kadhaa mfululizo mkono wake umepata moto, na atafunga tena. Wataalamu hao walihesabu, wakasema hawakuona dalili ya jambo hilo. Miaka mingi ikapita. Mwaka 2018 Joshua Miller na Adam Sanjurjo wakaonyesha kwamba namna ile ya kuhesabu ilikuwa na kasoro, na kwamba moto wa mkono huenda upo kweli. Lakini haufikii ule ambao watazamaji hudhani. Ndiyo maana wazee walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mkulima wa Ufipa anajua jambo hili bila kufundishwa. Hufukia majani katika matuta ya ntumba leo, yaoze na kulisha mazao ya baadaye. Mbegu iliyozaa vizuri miaka mingi haitupi kwa sababu ya mvua mbaya ya msimu mmoja. Walakini mkulima huyo huyo hatoki kwenda kupanda bila kutazama mawingu ya siku hiyo.

Walimu wa michezo nao wafanye hivyo. Daftari moja na kalamu vyatosha. Andikeni kila mchezo: alirusha mara ngapi, alifunga mara ngapi, alicheza dakika ngapi, na timu gani ilikuwa mbele yake. Kwanza someni michezo 10, halafu mitatu ya mwisho. Mkiona tofauti kubwa, msikimbilie kuhukumu, bali ulizeni sababu. Pengine msichana huyo alikuwa na homa. Pengine kijana alitoka kuvuna maharage na miguu imechoka. Pengine ametoka bonde la Ziwa Rukwa, lililo chini kwa karibu mita 1,000 kuliko Sumbawanga, na kifua chake hakijazoea hewa ya huku juu. Sababu ikiwa ya kupita, mpumzisheni, lakini msimfute. Asipokuwa na sababu, naye amezidi kushuka mchezo baada ya mchezo, mwambieni wazi na kwa upole nini arekebishe.

Wazazi nao wasikilize. Mtoto akirudi nyumbani ameshindwa leo, msimwite mshindwa. Akirudi ameshinda leo, msimwite bingwa. Mwulizeni siku zake nyingi zilikuwaje, na leo amejisikiaje. Wastani hutueleza alikotoka, na hali ya leo hutueleza alipo. Kuhusu aendako, hilo hutegemea mazoezi, chakula, na mtu mzima mmoja aliye tayari kumpa nafasi ya pili.