Kuchagua Dume na Kuhesabu Siku: Uhamilishaji wa Mbwa wa Basenji

Wanafunzi wengi wa elimu ya viumbe wamekwisha kusikia habari za uhamilishaji wa ng'ombe. Hapa Afrika ya Mashariki kazi hiyo si ngeni: kituo cha Kabete nchini Kenya kilianzishwa mwaka 1946, na Tanzania inacho kituo chake Usa River, karibu na mji wa Arusha. Mfugaji akimwona ng'ombe wake ameingia kwenye joto asubuhi, humwita mhamilishaji, na jioni ya siku hiyo hiyo kazi huwa imekwisha. Lakini ni wachache wajuao kwamba miongoni mwa mamalia, jaribio la kwanza la namna hii lililoandikwa kwa uangalifu wa kisayansi halikufanywa kwa ng'ombe bali kwa mbwa. Tena kwa mbwa kazi hii ni ngumu zaidi.

Katika makala haya tutaeleza jinsi wafugaji wa mbwa wa asili maalumu wanavyopatana juu ya dume la mbegu, jinsi wanavyoitafuta siku ya yai, na hatari iliyomo ndani ya kazi hiyo. Mfano wetu utakuwa mbwa wa Basenji, ambaye asili yake ni misitu ya Kongo.

Jaribio la Spallanzani

Kiasi cha mwaka 1780, Lazzaro Spallanzani, padri na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pavia nchini Italia, alimfungia mbwa jike chumbani ili dume yeyote asimfikie. Jike alipoingia kwenye joto, Spallanzani alimtilia mbegu za dume kwa bomba la sindano lililopashwa moto hadi kufikia joto la mwili. Baada ya siku 62 jike alizaa watoto watatu. Kwa jaribio hilo ilithibitika kwamba kukutana kwa wanyama wenyewe si sharti la mimba. Sharti ni mbegu kulifikia yai.

Yeye pia ndiye aliyeona kwamba mbegu zikipozwa kwa theluji huacha kutembea, na zikipashwa moto baadhi yake huamka tena. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kabla ya wazo hilo kuzaa matunda. Mwaka 1949, Christopher Polge na wenzake huko Uingereza waligundua kwamba gliserini huzikinga mbegu zisiharibiwe na barafu, na miaka 20 baadaye, mnamo 1969, ikatangazwa habari ya watoto wa mbwa waliopatikana kwa mbegu zilizogandishwa.

Mbwa wa Kongo ughaibuni

Basenji ni mbwa mdogo wa kuwindia, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Habweki kama mbwa wengine, na kwa sababu hiyo wawindaji wa msituni humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue aliko. Jina lake latoka katika lugha za Kongo, na Mswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno "washenzi", neno la dharau ambalo mnyama huyu hakustahili.

Mbwa wa kwanza wa aina hii waliofikishwa Ulaya walikufa kwa maradhi. Katika miaka ya 1930 wachache walipona, wakazaana huko Uingereza na baadaye Marekani. Kutokana na hao wachache yalitoka maelfu. Yafaa msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Basenji ana tabia nyingine iliyo muhimu kwetu. Majike wengi wa mbwa huingia kwenye joto takriban kila miezi sita au saba, lakini Basenji kwa kawaida huingia mara moja tu kwa mwaka. Mfugaji akiikosa siku, amepoteza mwaka mzima.

Mapatano ya wenye mbwa

Shughuli huanza miezi mingi kabla ya joto. Mwenye jike hutafuta dume kwa kusoma vitabu vya nasaba vinavyowekwa na vyama vya wafugaji. Chama cha Uingereza kiliundwa mwaka 1873, na cha Marekani mwaka 1884. Huko huandikwa baba, mama na mababu wa kila mbwa aliyesajiliwa.

Akishampata dume anayemfaa, wenye mbwa hao wawili huandikiana mkataba. Kila upande huonyesha vyeti vya afya: macho, nyonga, na hasa cheti cha kupimwa ugonjwa wa brusela, ambao hutupa mimba za majike na kuwafanya madume tasa. Kisha huafikiana juu ya malipo. Ada yaweza kuwa fedha, au mwenye dume aweza kupewa haki ya kuchagua wa kwanza kati ya watoto watakaozaliwa. Mkataba mzuri hueleza pia itakuwaje jike asiposhika mimba. Mara nyingi mwenye dume hukubali kurudia kazi bila malipo katika joto linalofuata. Mwisho, mwenye dume hutia saini hati ya usajili wa watoto, na bila saini hiyo watoto hawaingizwi kitabuni.

Kwa desturi, jike ndiye asafiriye kwenda kwa dume, kwa kuwa dume aliye nyumbani kwake huwa hana wasiwasi. Wanyama hukutanishwa mara mbili, kwa kuachana siku moja au mbili. Jike akirudi, sharti aendelee kulindwa, kwani huachilia mayai kadhaa, na mbegu za mbwa huishi siku nyingi ndani ya kizazi. Kwa sababu hiyo, watoto wa uzao mmoja waweza kuwa na baba wawili tofauti.

Kalenda ya yai

Hapa ndipo mbwa anapotofautiana na wanyama tuliowazoea. Joto la mbwa huanza kwa jike kutokwa na damu kwa muda wa siku tisa hivi. Wanafunzi wengi huifananisha damu hiyo na hedhi ya mwanamke, na hilo ni kosa. Hedhi huja baada ya yai kupita bila mimba. Damu ya mbwa hutangulia kabla yai halijatoka. Katika siku hizo madume huvutwa na jike, lakini yeye huwakataa. Baadaye huanza kuwakubali, kwa muda wa siku nyingine tisa hivi, ingawa siku hizi hutofautiana sana baina ya mbwa na mbwa.

Ndani ya mwili, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga kwa ghafula homoni ya kupevusha yai, yaani homoni ya LH. Siku mbili baadaye ovari huachilia mayai. Katika ng'ombe, yai litokapo huwa tayari kupokea mbegu. Yai la mbwa hutoka likiwa bado changa, na huhitaji siku mbili au tatu zaidi njiani ili likomae. Likishakomaa, huwa na uhai wa siku mbili au tatu tu.

Daktari aijuaje siku hiyo? Hupima damu ya jike kila baada ya siku mbili au tatu, akitafuta kiasi cha homoni ya projesteroni. Katika wanyama wengi homoni hii hupanda baada ya yai kutoka. Katika mbwa huanza kupanda kabla, wakati LH inapomwagwa, na ongezeko hilo ndilo kengele ya daktari. Siku ya yai ikijulikana, hata siku ya kuzaa hujulikana: takriban siku 63 baada ya mayai kuachiliwa.

Mbichi, baridi na barafu

Dume akiwa mbali, mbegu husafiri badala ya mnyama. Mbegu mbichi za mbwa mzima zaweza kuishi siku tano au zaidi ndani ya jike, kwa hiyo mfugaji akikosea siku moja au mbili bado ana matumaini. Mbegu zilizopozwa huchanganywa na maji maalumu yenye sukari na kiini cha yai la kuku, zikapelekwa kwa ndege ndani ya sanduku lenye joto la nyuzi 4 au 5 za Selsiasi. Hizo yafaa zitumiwe ndani ya siku moja au mbili.

Mbegu zilizogandishwa hutiwa gliserini, zikajazwa katika mirija myembamba na kuhifadhiwa ndani ya nitrojeni ya kimiminiko, penye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo zaweza kukaa miaka mingi, hata baada ya dume mwenyewe kufa. Lakini zikishayeyushwa huishi kwa saa chache tu, pengine nusu siku au siku moja. Hivyo ni lazima ziwekwe ndani kabisa ya kizazi, yai likiwa limekwisha komaa. Kuupita mlango wa kizazi cha mbwa ni kazi ngumu. Mabingwa hutumia mrija mrefu wa chuma au kifaa chembamba chenye taa na lenzi. Zamani wengi walimpasua jike tumbo. Siku hizi baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, zimepiga marufuku upasuaji huo kwa ajili ya kuwahurumia wanyama.

Kasoro iliyojificha

Sasa turudi kwa wale Basenji wachache waliopona safari. Tuseme dume mmoja mzuri ashinda mashindanoni, na kila mfugaji ataka mbegu zake. Kwa njia ya kawaida angeweza kuwafikia majike wa jirani. Kwa mirija ya barafu aweza kuwa baba katika mabara matatu. Iwapo ana jeni moja yenye kasoro iliyojificha, ataigawa kwa takriban nusu ya watoto wake, wala hakuna atakayeona chochote mpaka wajukuu wake waanze kupandishwa wao kwa wao.

Jambo hilo liliwapata Basenji. Kwanza ulionekana ugonjwa wa kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kipimo kilipatikana, na wafugaji wakawaondoa kundini mbwa wengi waliobeba jeni hiyo, ingawa wao wenyewe walikuwa wazima. Nia ilikuwa njema, lakini kundi lililokuwa dogo likazidi kuwa dogo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ukatambuliwa ugonjwa mwingine, uitwao Fanconi, ambao huzifanya figo zipoteze sukari na protini katika mkojo. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na umri wa miaka minne hadi minane, yaani baada ya dume kwisha kuzaa watoto wengi.

Wafugaji walichukua hatua mbili. Mwaka 1987 na 1988 walifunga safari hadi Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, wakaleta mbwa wapya kutoka vijijini; na mwaka 1990 chama cha Marekani kikakifungua kitabu chake cha nasaba ili kuwapokea. Kisha, kuanzia mwaka 2007, kikapatikana kipimo cha jeni cha Fanconi, na mwaka 2011 kipimo kilicho sahihi zaidi.

Mwalimu aweza kulieleza jambo hili ubaoni. Wabebaji wawili wakizaana, tutegemee mtoto mmoja kati ya wanne awe mgonjwa. Mbebaji akizaa na asiye na jeni hiyo, watoto hawaugui, ingawa nusu yao tutegemee wawe wabebaji. Kwa hiyo mbebaji mwenye sifa nzuri si lazima atupwe. Yatosha kumchagulia mwenzi aliyepimwa, na kizazi kifuatacho kuwachagua watoto wasio nayo. Hivyo ugonjwa hupungua na kundi halidhoofiki.

Hilo ndilo fundisho la Basenji, nalo lawafaa pia wafugaji wetu wa ng'ombe na mbuzi. Uhamilishaji hauchagui, hueneza kile ulichoupa, kiwe chema au kibaya. Kabla ya kuuliza mbegu zitafikaje, yatupasa tuulize dume huyu amebeba nini, na amekwisha kuzaa watoto wangapi. Vijiji vya Kongo, vilivyodharauliwa katika jina la mbwa huyu, ndivyo vilivyokuwa ghala la akiba lililomwokoa. Nasi tunao ng'ombe, mbuzi na kuku wa kienyeji ambao jeni zao bado hazijachunguzwa vya kutosha. Tusiwaache wapotee kwa kukimbilia dume mmoja mwenye sifa.