Vitabu vya Vita Yafaa Kuvipima

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vita vya Afghanistan wengi wetu twavijua kwa vitabu tu. Basi hatuna budi kuvipima vitabu hivyo.

Khaled Hosseini, mzaliwa wa Kabul, aliondoka na wazazi wake mwaka 1976, kabla ya vita. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2003, aliiandika akiwa hajarudi kwao. Hatuitupi, lakini vita alivyovieleza humo hakuviona kwa macho.

Åsne Seierstad wa Norway alikaa katika nyumba ya muuza vitabu wa Kabul mwaka 2002. Kidari hakukijua, alitegemea Kiingereza cha watu wachache wa nyumba ile. Kitabu kilipotoka, mwenye nyumba, Shah Muhammad Rais, alilalamika kuwa amevunjiwa heshima, akaandika chake kujibu. Mkewe alidai mahakamani. Mwandishi akashindwa mwaka 2010, akashinda katika rufani mwaka 2011.

Basi, ndugu, tuulize: Mwandishi alikuwako lini? Alisikia kwa lugha gani? Wenye nyumba wamejibu nini? Sisi Waafrika, tulioandikwa miaka mingi na wapita njia, tusikubali taifa lililopigwa kwa bunduki lipigwe tena kwa kalamu.