Mbawakawa na Gogo Bovu

Hekima ya Mwenyezi Mungu imo hata katika gogo lililooza. Huko Ulaya yuko mbawakawa mweusi asiyetimia sentimita moja, ambaye ncha ya mkia wake imechongoka. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimpa jina la Kilatini Mordella aculeata, yaani mwenye mwiba. Wakati wa joto hukaa juu ya maua yaliyotanda kama mwavuli, akila chavua. Akishtuliwa hujirusha na kubingirika hata aponyoke. Lakini watoto wake hukulia ndani ya miti iliyooza. Basi, enyi vijana, achomaye kila gogo bovu kwa kulidhani takataka huenda amebomoa nyumba ya kiumbe wa Mola.