Faida za Usanifu Sahili katika Tovuti za Biashara

Katika masomo ya sarufi, mwanafunzi wa Kiswahili hukutana mapema na istilahi mbili: sentensi sahili na sentensi changamano. Sentensi sahili ina kishazi huru kimoja, basi. Hiyo haimaanishi kwamba mwandishi wake hana la kusema. Ameamua tu kusema jambo moja kwa wakati mmoja. Makala haya yanaiazima istilahi hiyo na kuipeleka mahali ambapo baadhi ya wahitimu wetu watajikuta wakitafuta riziki, yaani kwenye tovuti za biashara. Kwa usanifu sahili tunakusudia ule unaobakiza kwenye ukurasa yale tu anayoyahitaji mteja ili atimize shughuli iliyomleta, na kuondoa mengine yote: picha za mapambo, rangi chungu nzima, maandishi yanayokimbia, madirisha yanayojifungua yenyewe, na aya ndefu za kampuni kujisifu.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Google, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998. Wakati huo ukurasa wa mwanzo wa Yahoo ulikuwa umesheheni habari, michezo, hali ya hewa, bei za hisa na matangazo. AltaVista, iliyokuwa na sifa kubwa katika kazi ya utafutaji, nayo ikaiga mtindo huo mwaka 1999. Google ikaweka jina lake, kisanduku kimoja cha kuandikia na vitufe viwili. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba weupe wa ukurasa ndio ulioshinda. Sivyo. Matokeo ya utafutaji wake yalikuwa bora, na hilo ndilo lililowavuta watu. Hata hivyo usahili ule ulikuwa na sababu. Yahoo ilitaka mgeni akae. Google ilitaka mgeni apate alichokitafuta aende zake. Ukurasa uliijua kazi yake. AltaVista ilikuja kufungwa mwaka 2013.

Karibu zaidi na kwetu upo mfano ambao, kwa maoni yangu, una mafunzo makubwa kuliko huo wa Google, ingawa si wa tovuti. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa. Huduma hiyo haikuwa na picha hata moja. Menyu yake ilikaa ndani ya kadi ya simu, ikawa orodha fupi ya maneno ambayo hata simu ya bei ya chini kabisa iliweza kuionyesha: tuma pesa, toa pesa, nunua muda wa maongezi. Mtu aliyeweza kusoma maneno mawili matatu alimtumia mama yake fedha kijijini bila kufundishwa. Hapa Uganda MTN ilianzisha huduma ya aina hiyo mwaka 2009. Anayedhani kwamba biashara haiwezi kwenda bila mapambo na aitazame orodha ile tena. Nasi walimu wa lugha tuitazame kwa jicho letu: ni vitenzi katika hali ya kuamrisha, kila kimoja kikifuatwa na nomino yake, na hakuna kivumishi hata kimoja.

Turudi sasa kwenye tovuti. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtu mwenye nyumba ya wageni mjini Jinja. Mteja wake yuko ndani ya basi akitoka Nairobi au Kigali, ameshika simu, betri imebaki kidogo, na mtandao unakatika kila basi linapoteremka bondeni. Anataka kujua mambo manne: chumba ni kiasi gani, je, kipo cha leo, mahali penyewe ni wapi, na nambari ya simu ni ipi. Mwenye nyumba ameuziwa tovuti yenye picha kubwa tano zinazopokezana zenyewe, video ya maporomoko ya maji, na salamu ndefu ya mkurugenzi. Tuseme ukurasa huo una uzito wa megabaiti 6. Ukurasa wenye majibu ya maswali yale manne na picha moja ndogo ya chumba unaweza kutosha kwa kilobaiti 300. Tofauti ni mara ishirini. (Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, sijui wangesema nini juu ya picha zinazojitembeza zenyewe.)

Mara ishirini hiyo hulipwa na mteja. Ni kweli kwamba hali ya intaneti katika ukanda wetu imebadilika sana tangu Julai 2009, mkebo wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na kufungua barua pepe lilikuwa zoezi la subira. Lakini watu wengi bado hununua data kwa vifurushi vidogo vya siku. Aidha, hapa Uganda kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia mwaka 2018 iliondolewa Julai 2021, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Mteja wa Jinja analipia salamu za mkurugenzi, na analipa pamoja na ushuru.

Mara nyingi, hata hivyo, halipi. Anaondoka. Utafiti uliotolewa na Google mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 53 ya watu wanaofungua tovuti kwa simu huiacha iwapo inachukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Vilevile Google iliingiza kasi ya ukurasa miongoni mwa vigezo vya kupanga matokeo ya utafutaji, kwanza mwaka 2010, kisha mwaka 2018 kwa utafutaji wa kwenye simu. Kwa hiyo tovuti nzito hupata hasara mara mbili: waliofika wanaondoka, na wengine hawafiki. Faida nyingine, kama vile gharama ndogo ya matengenezo na usalama unaotokana na kuwa na programu chache za kuvamiwa, ni za wazi na hazihitaji maelezo marefu.

Jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja ni maandishi. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark afanyaye kazi Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu namna watu wanavyosoma kwenye wavuti. Asilimia 79 ya waliochunguzwa walipitisha macho tu juu ya ukurasa mpya; asilimia 16 pekee ndio waliosoma neno kwa neno. Maandishi yaleyale yalipopunguzwa hadi nusu ya maneno, urahisi wa kuyatumia ulipanda kwa asilimia 58. Hakuna kilichobadilishwa katika rangi wala picha. Waliofanya kazi hiyo ni watu wa kalamu.

Hapo ndipo mhitimu wa Kiswahili anapoingia, na hapo ndipo, kwa bahati mbaya, anapoachwa nje. Desturi iliyopo ni kwamba fundi wa kompyuta humaliza tovuti kwa Kiingereza, kisha maneno hutafsiriwa moja moja kama yalivyo. Ndiyo maana kila tovuti ina kichwa "Kuhusu sisi". Kisarufi hakina kosa, lakini ni nani kati yetu anayeingia dukani na kuuliza habari "kuhusu ninyi"? Mswahili huuliza: ninyi ni nani? Kichwa "Sisi ni nani" kingekaa vizuri zaidi. Pia kuna kitufe cha "Wasilisha". Mwanafunzi huwasilisha tasnifu na mwanasheria huwasilisha hoja. Mteja wa chumba cha kulala anatuma. "Tuma" ni fupi, na M-Pesa imekwisha kulifundisha neno hilo nchi nzima. Katika ukurasa uliojaa, neno bovu hujificha. Katika ukurasa wenye maneno kumi, neno bovu moja linaonekana kama jino lililong'oka.

Maumbile ya lugha yenyewe yanatusaidia. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, mtendwa na uhusiano wao katika neno moja. Kitufe kilichoandikwa "Nipigie" kina sentensi nzima ndani yake: nani apige, apigiwe nani. "Tukupigie?" ni swali kamili na la heshima, nalo linatosha kwenye kitufe cha upana wa kidole gumba. Wanafunzi wanaohangaika na mofimu za kauli ya kutendea wangefaidika kupewa zoezi la aina hii. Tahadhari ni moja: kitenzi kikirefushwa mno, mathalani "tutakuwasilishia", simu ndogo hukikata katikati na maana hupotea.

Haifai lakini kuufanya usahili kuwa dini. Zipo tovuti zinazoitwa sahili kwa sababu ni nyeupe, kumbe zina picha moja ya megabaiti 4 iliyotandazwa skrini nzima. Huo ni umaridadi. Usahili hupimwa kwa uzito na kwa hatua anazopiga mteja. Zipo nyingine zilizoondoa bei, anwani na nambari ya simu ili ukurasa upendeze. Katika masoko yetu mteja akikosa bei hushuku, akikosa mahali pa kukupata hukimbia. Kuondoa vitu hivyo ni sawa na kuondoa kiima na kiarifu kisha kujisifu kwamba sentensi imekuwa fupi. Tena biashara hazifanani. Duka la vitabu lenye vichwa elfu moja haliwezi kuwa na ukurasa kama wa nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Kwa duka hilo usahili utakuwa katika mpangilio wa orodha na katika kisanduku cha kutafutia.

Mfano wa mwisho ni ile alama ya mistari mitatu iliyolala, ambayo wasanifu huiweka pembeni mwa skrini ili kuificha menyu. Kijana wa mjini anaijua. Mama anayeuza vitenge Mbale, aliyepata simu ya skrini ya kugusa mwaka jana, huiona kama pambo, na kurasa zote zilizofichwa nyuma yake kwake hazipo. Wasanifu hujitetea kwamba nafasi ni finyu. Neno "Menyu" lina herufi tano.